Shimo la Pembe Nne

"Chekecha."

Neno moja tu. Kisha simu ikakatika.

Careen aliisukuma Samsung ndani ya koti, akainama juu ya tangi la Boxer, akaongeza mwendo. Mbele yake Fuso la bluu lililosheheni magunia ya mbaazi lilikuwa linateremka kuelekea Bonga. Alikuwa amelifuata tangu Bereko, akila moshi wake, akijifanya bodaboda anayewahi abiria Babati mjini.

Chekecha maana yake lisimamishe, lifungue, lipekue mpaka sakafuni.

"Tisa, hapa Saba," alisema kwenye kinasa kidogo kilichoshonwa ndani ya kola. "Linakuja."

"Naliona," Herieli akajibu sikioni mwake. "Nipo kizuizini. Wamenivalisha koti la ushuru wa mazao. Linanibana kwapani kama lilishonewa mtoto wa komunio."

"Acha maneno."

"Nimeacha."

Fuso halikupunguza mwendo. Dereva aliliona geti limefungwa, akaliona koti, na badala ya breki akakanyaga mafuta.

Herieli akavuta mnyororo wa miiba ukakatiza lami.

Careen alipita kulia, akalingana na mlango wa dereva, akaachia koti lifunguke. Bastola yake, Glock 19, ilikuwa pale, chini ya kwapa.

"Breki, kaka!"

Kaka alikanyaga. Matairi yalilia, harufu ya mpira uliochomeka ikajaa hewani, na lori likasimama pua yake ikiigusa miiba.

"Dada, mimi nimebeba mbaazi tu!"

"Basi hutakuwa na neno tukizishusha."

Walizishusha. Chini ya magunia kulikuwa na masanduku ya mbao yaliyopigwa misumari. Ndani yake, yamefungwa mablanketi, kulikuwa na mabamba ya mawe. Juu ya mawe, kwa rangi nyekundu, kulikuwa na twiga, mwindaji na upinde wake, na watu warefu wembamba wenye vichwa vilivyotimka kama manyasi.

Herieli alipiga mluzi.

"Ndiyo yenyewe. Kazi imekwisha. Leo nakula samaki wa ziwani wakiwa bado wa moto."

Careen alikuwa amepiga magoti mbele ya twiga, akimtazama mstari kwa mstari.

Idara ya usalama haikumchukua Careen kwa sababu ya shabaha yake. Ilimchukua kwa sababu ya shahada yake. Chuoni, Dar es Salaam, alisoma akiolojia na historia ya sanaa kwa pamoja, na katika mwaka wao waliochagua kuyasoma yote mawili walikuwa wawili tu. Wenzao wa uhasibu waliwacheka bwenini. Mawe na picha? Mtaajiriwa na nani, na mapango?

Asubuhi walikuwa kwa mwalimu wa akiolojia, mama mmoja mpole aliyewafundisha kutazama udongo. Mchana walikuwa kwa mwalimu wa sanaa, aliyewafundisha kutazama mkono. Mama aliuliza kitu kililala wapi. Yule mwingine aliuliza kilitoka mkononi mwa nani. Walimu hao hawakupatana hata siku moja. Wanafunzi wao wawili walipatana sana.

Mwenzake aliitwa Sosthenes, mtoto wa Nangara, hapahapa Babati.

Mwaka huu mtu alikuwa amekata mchoro mzima kutoka kwenye pango dogo katika vilima vya kusini, pango ambalo halikuwemo kwenye ramani yoyote. Careen alipelekwa akalione tundu lililobaki. Ukuta ulikuwa mweupe na mbichi, kama ufizi uliong'olewa jino. Kitu pekee alichopata ni picha ambayo mchungaji mmoja aliwahi kuipiga kwa simu yake. Aliitazama picha hiyo mpaka akawa anaiota. Mchoraji wa kale alikuta jiwe limevimba kidogo, akaamua kwamba pale ndipo litakapokuwa bega la twiga.

Kwenye bamba hili bega lilikuwa bapa.

Na huo mkono. Kila mstari uliingia kutoka kulia ukaishia kushoto, na pale brashi ilipoinuliwa ulibaki mkia mwembamba. Mchoraji alikuwa ameanzia kwenye kwato ya nyuma. Nani duniani anaanza kumchora mnyama kwa kwato ya nyuma?

Mtu mmoja. Alikaa kushoto kwake darasani ili viwiko vyao visigongane, kwa sababu alitumia mkono wa kushoto.

Careen alitoa tochi ndogo ya mwanga wa zambarau, akalifunika bamba kwa koti lake, akamulika chini yake. Rangi nyekundu iliwaka bluu. Ilichanganywa na gundi ya mbao, ya dukani.

"Ni nakala, Herieli."

"Unasemaje?"

"Feki. Nzuri sana, lakini feki."

Simu ilikuwa inaita tayari. Alikuwa Amna, mkuu wake wa kazi, kutoka Dodoma. Amna hakuwa mtu wa salamu.

"Saba. Umefungua?"

"Nimefungua. Mzigo ni nakala, mkuu."

"Na Lorenz anajua."

Lorenz ndiye mnunuzi. Mgeni mwenye pasipoti nyingi na makumbusho ya faragha huko kwao, ambaye kila alikopita vitu vya kale vilihama.

"Tumenasa simu yake sasa hivi," Amna aliendelea. "Jana alipokea sanduku la kwanza akalipima. Nakupa maneno yake yalivyo: mchoraji amenichezea, nayataka mawe yangu leo kabla ndege haijaruka, asiponipa namfuata mama yake. Ndege ya kukodi imetua kwenye kiwanja cha vumbi nje ya mji. Mchoraji ni nani?"

Careen alimtazama twiga. Alijua jina hilo akilitamka litaingia kwenye faili, na jina likishaingia kwenye faili la idara huwa halitoki.

"Saba?"

"Sosthenes. Nilisoma naye. Mama yake anakaa Nangara."

Kalamu ya Amna ilisikika ikiandika.

"Umejua lini?"

"Sasa hivi. Nimeujua mkono wake."

"Sikiliza. Polisi wanakwenda kwenye ndege. Wewe nenda Nangara. Mawe yale yakiruka hatutayaona tena. Na huyo rafiki yako, Careen, usimwachie."

Ilikuwa mara ya kwanza Amna kumwita kwa jina lake hewani.

Alipita mjini kwa kasi, akakwepa bajaji zilizopanga foleni nje ya stendi, akaliacha ziwa likimetameta upande wake na viboko wake wamezama hadi puani. Herieli alibaki nyuma kumkabidhi dereva kwa polisi wa kizuizini. Ahadi ilikuwa kwamba angefuata na gari lolote litakalowaka.

"Hodi hapa!"

"Karibu! Nani... Ee! Careen?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivi? Huko Dar hawapiki?"

Mama Gaudiosa, mama yake Sosthenes, alikuwa ameketi kwenye mkeka uani, mrefu na mnyoofu kama watu wengi walioteremka kutoka Mbulu, akipeta mbaazi kwenye ungo. Careen alikuwa amekula likizo mbili kwenye ua huu. Alikumbuka paa lenye kutu na sufuria zilizowekwa sakafuni kukinga matone.

Paa lilikuwa jipya. Lilikuwa linang'aa.

"Bati jipya, mama."

"La Sosthenes. Amepata kazi na mzungu mmoja."

"Kazi gani?"

"Si hayo yenu. Mawe." Mama alipuliza makapi. "Tulipoambiwa mtoto amesomea mawe na picha, marehemu baba yake hakulala. Angeliona hili bati!"

Careen aliketi kwenye ukingo wa mkeka. Kila neno la mama huyu lilikuwa linamwingia kama mwiba, na mama hakujua kwamba anachoma.

"Alikuja lini mara ya mwisho?"

"Jumapili, baada ya misa. Mpaka leo yupo, ila anajificha kama kuku mgonjwa. Na hiyo Jumapili yenyewe, badala ya kupumzika, akasema anapanda mparachichi." Mama aliweka ungo chini ili asimulie vizuri. "Mwanangu, mimi nimeolewa na mkulima, nimezaliwa na wakulima, upandaji ule sijauona. Alipiga vigingi. Akafunga kamba. Akapima huku, akapima kule. Udongo akaupanga mafungu, mweusi peke yake, mwekundu peke yake. Halafu akauchekecha! Kwa chekeche langu la unga! Nikamwambia, baba, mti hauli ugali."

Alicheka mpaka akajipangusa machozi.

"Jioni, nilipotoka kwa jirani, nikamkuta anaurudisha vilevile, mwekundu chini, mweusi juu, taratibu kama anamvalisha mtoto. Siku nzima. Mche mmoja."

Careen alijaribu kucheka naye.

"Naomba niuone huo mparachichi."

Ulikuwa pale kando ya ua, mbele ya mistari ya mbaazi. Mche mdogo wenye majani manne yaliyolegea. Mtu mwingine angeona mche. Careen aliona udongo uliozama kidogo kuuzunguka, na kingo zilizonyooka kama zimekatwa kwa kisu. Pembe nne. Aliinua mkono, akaitazama dira kwenye saa yake ya Casio. Ukingo mmoja ulielekea kaskazini barabara.

Mistari ya mbaazi ilifuata mteremko. Nyumba ilifuata njia. Katika shamba lile lote hakuna kingine kilichojali kaskazini iko wapi.

Mkulima angechimba shimo tu. Mwizi angechimba haraka. Lakini mwanafunzi wa yule mama mpole wa chuoni, hata akificha mali ya wizi, hawezi kuuacha ukuta wa shimo uiname. Ataweka kamba. Ataupanga udongo kwa tabaka zake. Mikono haimruhusu kufanya vinginevyo.

"Nilijua ukifika utaliona."

Sosthenes alikuwa amesimama mlangoni mwa banda la ng'ombe. Ndevu zilikuwa zimemuota ovyo. Kwenye kucha za mkono wa kushoto kulikuwa bado na wekundu.

"Mambo, Careen."

"Usiniletee mambo. Ulikata wewe?"

"Nilikata mimi."

Careen alikuwa ameshaandaa namna ya kumwamini iwapo angekana. Sasa hakujua pa kuiweka hiyo imani.

"Pango lile nililigundua mwenyewe," Sosthenes alisema kwa sauti ya chini, akimtupia jicho mama yake aliyerudia kupeta. "Kwa miguu yangu. Nilipiga hodi kila mahali, nikiomba mtu aje alione. Hakuja mtu. Alikuja Lorenz. Sijui alisikia wapi. Akaniambia atalichukua hata nisipokuwepo, na vijana wake walikuwa na nyundo na baruti. Nikasema bora mimi, kwa grenda na diski ya almasi."

"Bora?"

"Yangesagika, Careen!"

"Na hela yake ulikula."

Sosthenes aliliangalia paa.

"Kisha nikashindwa," alisema mwishowe. "Nilipoyaona yamelala chini, yamekatwa na mimi, nilishindwa hata kula. Nikachora mengine. Nikampa hayo. Haya nikayafukia hapa ili nije niyarudishe."

"Uyarudishe kwa kitu gani? Kwa gundi?"

Wote wawili walikuwa wanaisikia sauti ya yule mama mpole, ile ya kila mwanzo wa muhula: kitu ukishakitoa mahali pake, nusu ya maneno yake inabaki kule.

"Au ungesubiri Lorenz aondoke," Careen alisema polepole, "kisha umtafute mnunuzi mwingine."

"Unaniuliza au umeshanihukumu?"

"Nakuuliza, Sosthenes."

Alifungua mdomo kujibu.

"Saba!" Herieli alipasua sikio lake. "Prado nyeupe imenipita kwenye kona. Wawili ndani, mmoja ana bunduki. Nipo nyuma yao na Fuso, ila hili gari linapanda kilima kama mzee wa kanisa!"

Careen alimwacha Sosthenes na jibu lake kando ya mparachichi.

"Mama," Careen alisema, akirudi mkekani kwa hatua za kawaida, "hebu nenda kwa jirani kidogo."

"Nasikia gari la wageni, halafu niende kwa jirani? Wewe umelelewa wapi?"

Hapakuwa na muda wa kubishana. Careen aliketi kando yake, akauvuta ungo mapajani, akaitelezesha Glock chini yake. Alianza kupeta. Hakuwa hodari. Mbaazi ziliruka nje.

"Siyo hivyo," mama alisema. "Legeza kiganja."

Prado iliingia uani. Lorenz alishuka akiwa na shati la kitani na kofia ya majani, mwembamba, safi, kama mtu aliyekuja kwenye harusi. Nyuma yake alishuka jamaa mnene mwenye bunduki fupi.

"Shikamoo mama," Lorenz alisema. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha wengi.

"Marahaba. Karibu, baba. Chukua kigoda."

"Asante. Na huyu ni nani?"

"Mkwe wangu," mama alisema bila kufikiri. Lilikuwa ombi lake la miaka mingi, na leo liliponyoka lenyewe.

Careen aliinamisha macho kama mkwe.

Lorenz alitabasamu. Alitoa bastola ya Beretta mfukoni, akaishika kichwani pa mama kwa utulivu, kana kwamba ameegemeza mkono kwenye kiti.

"Baba, hii ni nini?" mama aliuliza.

"Sosthenes," Lorenz alisema. "Mawe yangu."

"Mwache! Yapo hapo. Chini ya mparachichi."

Jamaa mnene alitundika bunduki yake kwenye mlango wa Prado, akachukua jembe lililoegemezwa ukutani. Aliung'oa mche kwa mkono mmoja, akautupa. Akatema mate viganjani.

Careen aliupima umbali. Beretta ilikuwa karibu mno na nywele za mama. Akisogea, mama anakufa. Asiposogea, jembe linashuka, na alijua shimo lile si refu, kwa sababu Sosthenes alikuwa na siku moja tu. Juu kabisa lingekuwa bamba la twiga. Hilo huwa unaliweka juu, lisilemewe.

Jembe lilipiga mara ya kwanza. Udongo mweusi.

Likapanda tena, juu zaidi.

"Siyo hivyo!" Sosthenes alipiga kelele. "Utayavunja!"

Aliruka. Alilala juu ya shimo kifudifudi, mkono wa kushoto umetangulia, kama mtu anayemkinga mtoto barabarani.

Jembe lilishuka.

Mlio wa mfupa ulisikika ua mzima. Lorenz aligeuza kichwa.

Ilitosha.

Ungo uliruka na mbaazi zote zikamjaa Lorenz usoni. Careen alimvuta mama kwa bega, akafyatua mara moja. Beretta ilianguka mkekani, na Lorenz akakishika kiganja chake kilichotoboka kama asiyeamini kwamba ni chake.

Teke la goti. Chini.

"Unajua mimi ni nani?" alifoka, uso umelala kwenye makapi.

"Mnunuzi," Careen alisema. "Lala."

Jamaa mnene alikuwa ameshatupa jembe na kukimbilia bunduki yake. Hakuifikia. Fuso la bluu liliingia uani likipiga honi, likavunja uzio, likaubana mlango wa Prado na ile bunduki kwenye mti. Herieli alichungulia dirishani, kwapa la koti limepasuka.

"Mikono juu, mjomba! Hapa ushuru tunapokea hivyo!"

Baadaye polisi walifika, na habari zikafika nao. Ndege haikuruka. Rubani alikutwa amelala chini ya bawa, hajui kitu.

Sosthenes aliketi ameegemea ukuta, mkono umefungwa kwa kitenge cha mama yake. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Hakulia.

"Mwiko uko wapi?" Careen alimuuliza.

"Ndani. Juu ya kabati la mama."

Ulikuwa mwiko mdogo wa chuma wa kuchimbia, aina ya Marshalltown. Waliununua kwa kuchangiana wakati kila mmoja peke yake hakuuweza, wakawa wanachimba kwa zamu. Mama aliuleta, akaukabidhi, akaenda kuketi mbali na Careen.

Careen alichimba mwenyewe. Alifuata kuta za Sosthenes, ambazo zilikuwa zimenyooka kama zile za shimo la mtihani chuoni. Mweusi. Mwekundu. Kisha turubai, kisha blanketi la kitanda. Alilifunua bamba la kwanza, akaligusa kwa mgongo wa kidole.

Bega lilikuwa limevimba.

Halikuwa na ufa. Mtu fulani, kabla ya majina ya watu wote hawa, alisimama mbele ya jiwe hili akamwona twiga ndani yake. Careen alibaki amepiga magoti muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Herieli na polisi waliyatoa mabamba moja moja, wakayapanga juu ya magunia. Hakuna aliyefanya mzaha.

Yalipokwisha, Careen aliendelea kukwangua. Shimo huwa unalifikisha mwisho. Ndivyo alivyofundishwa.

Chini kabisa, katikati ya sakafu iliyosawazishwa, kulikuwa na kizibo cha soda. Stoney.

Akafunga macho kidogo. Mwisho wa kila uchimbaji, kabla ya kurudisha udongo, yule mama mpole alikuwa anaweka chini kitu cha siku ile, sarafu au kizibo. Atakayechimba baada yetu ajue tulipita, alisema. Asidanganyike.

Alikigeuza. Kwa ndani, mtu alikuwa amekwangua kwa msumari jina lake lote. SOSTHENES.

Careen alikiangalia kwa muda mrefu. Kwa mwalimu wa asubuhi, kile kilikuwa ungamo la mtu: nilikuwa hapa, nimefanya hivi, ijulikane. Kwa mwalimu wa mchana, ilikuwa sahihi ya fundi: kazi hii ni yangu. Vyote viwili vilikaa sawasawa kwenye kiganja chake, na hakuna kilichomfukuza mwenzake.

Aliinua macho. Polisi walikuwa wanamwinua Sosthenes. Alikuwa amekiona kizibo.

"Niambie ni kipi," Careen alisema.

"Tulisoma yote mawili pamoja," Sosthenes alijibu. "Soma."

Wakampakia garini.

Simu iliita. Amna.

"Kazi nzuri, Saba. Sasa huyo rafiki yako. Niandike nini, mwizi au shahidi?"

"Andika alikata. Andika alificha. Andika jembe liliposhuka alilala juu ya shimo."

"Hilo si jibu."

"Ndilo nililoliona, mkuu."

Amna alivuta pumzi, akakata.

Mama Gaudiosa alikuwa amesimama nyuma yake, ameushika mche wa mparachichi, mizizi inaning'inia.

"Mwanangu kakosa nini?"

"Amekata jiwe lisilo lake, mama. Lenye picha za watu wa kale."

"Na wewe si ulisomea mawe hayohayo?"

"Nilisomea."

"Dawati moja?"

"Dawati moja."

"Sasa mbona wewe una bunduki na yeye ana pingu?"

Careen alikitazama kizibo kiganjani mwake.

Alishuka tena shimoni. Alikirudisha kizibo katikati ya sakafu, pale kilipokuwa kimelala, jina likiangalia chini. Mahakamani wangekisoma kwa namna moja tu, na hakujua ipi. Kisha alitoka, akaokota ganda la risasi kwenye mkeka, akaliweka kando ya kizibo. Kitu cha siku ya leo.

Alirudisha udongo. Mwekundu kwanza, mweusi juu. Mama alimwangalia mpaka mwisho, kisha akapiga magoti, akaupanda mche, akaushindilia kwa viganja. Hakusema asante na Careen hakuingoja.

Herieli alimfuata kwenye Boxer akiwa na koti begani.

"Dada, risasi ilipigwa moja. Ganda silioni. Ripoti inalitaka."

Careen alivaa kofia ya chuma, akafunga mkanda wake kidevuni.

"Halijapotea," alisema. "Liko mahali pake."

Aliiwasha pikipiki, akateremka kuelekea mjini kwa mwendo wa kawaida, kama bodaboda yeyote anayerudi kijiweni. Hakugeuka nyuma. Bati jipya lilimfuata kwenye kioo, likimulika, mpaka kona ya mwisho.